Jumatano Zako kwa Bwana Polepole

Papa mpendwa,

Nina hasira nawe. Nimeianza barua hii mara kadhaa kwa maneno ya heshima, namna ulivyotufundisha kumwandikia mtu mkubwa, na kila mara nimeikunja na kuitupa, kwa sababu maneno yale ya heshima yalikuwa yanasema uongo. Kwa hiyo nisikie hivi hivi. Nina hasira nawe, na nina hasira zaidi na yule mzee wa kizungu uliyekuwa ukimtembelea kila Jumatano. Nina hasira hata na baridi ya mwaka huu iliyokuchukua upesi hivyo, kabla sijapata jambo la kukuambia ambalo lilikuwa haki yako kulisikia ungali hai.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha redio, kile ulichokuwa ukikisikiliza kule Lubumbashi huku umeinamisha kichwa, ukisema watu wa pwani wanaongea kana kwamba wamepiga maneno pasi. Kiswahili chetu cha nyumbani nimekiacha kwa yale tuliyoambiana. Yale siwezi kuyapiga pasi.

Unakumbuka ile Jumapili nilipokuletea jina lake mezani? Nilikuwa nimepika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, samaki wa chumvi nilimnunua kwenye maduka ya Wakongo pale Porte de Namur, nawe ulikuwa umekaa pale dirishani penye joto la radiata. Nilitaka tu kukuchangamsha. Tangu tuje Brussels ulikuwa umeanza kunyamaza sana, na mimi nilikuwa nikikusanya vijimambo vya kazini ili nikusimulie, vituko vya wazee ninaowaosha na kuwalisha katika ile nyumba ya wazee karibu na kiwanda cha magari kilichofungwa.

Nikasema, "Papa, kwa kazi yetu kuko muzee moya muzungu, anasema Kiswahili yetu kabisa. Français imemutoka, flamand imemutoka, imebakia Kiswahili tu. Anasema alikuwa chef, mukubwa, kule kwetu, kwa kambi ya bafungwa."

"Anasemaka nini?"

"Eh, bintu ya kuchekesha. Nikimunawisha anasema 'polepole, polepole'. Bon, mi nafikiri anaogopa maji."

Uliacha tonge la bukari juu ya sahani. Hukuniangalia. Uliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, "Mukono yake ya kushoto, kidole ya mwisho iko?"

"Hayiko. Ulijua namna gani?"

"Njo yeye," ulisema. Ndiye.

Nikangoja useme zaidi. Ulikula tonge lile, ukanawa mikono, ukasema chakula kilikuwa kizuri. Kesho yake uliniomba nikupeleke ukamsalimie. Nilifurahi, Papa! Sikujua kitu. Nilijua tu kwamba ulizaliwa mahali fulani porini, mbali, ambako serikali ya Wabelgiji iliwapeleka watu wa dini iliyokatazwa, wao na wake zao. Ulikuwa ukisema "tulikaa kule mbali" na kufunga mlango hapo. Nikadhani wazee wawili wataongea juu ya mito na mihogo. Nilimwomba ruhusa binti wa yule mzungu, Madame Christine, mwanamke mwenye mvi anayekuja siku za Jumamosi na maua, naye machozi yalimlengalenga kwa shukrani. Alisema baba yake hana tena mtu wa kuongea naye. Mimi nawe tukaenda mpaka maduka ya Chaussée d'Ixelles kukununulia koti jipya, na ulichagua tai mwenyewe, ya rangi ya kijivu. Ulisema huwezi kwenda kwa Bwana ukiwa umevaa ovyo.

Ulichagua Jumatano. Jumatano ndiyo siku yangu ya kupumzika, na ulijua.

Miezi ilipita. Kila Jumatano ulivaa koti na tai, ukapanda tramu, ukarudi mchana na hamu ya kula. Nilikuona unanawiri, nikamshukuru Mungu. Ni Maman Odette aliyenifungua macho, yule mwenzangu wa kazi kutoka Kolwezi. Alinivuta kwenye chumba cha mashuka.

"Dada, mi sitaki kuingia mu mambo ya bantu. Lakini kila mercredi, papa yako akisha kutoka, ule muzee analiaka. Analia sana, hata kula hakulake. Alors, kesho yake asubui, amesahau yote, anaanza kuimba."

Jumatano iliyofuata nilikuja bila kukuambia. Nilisimama kwenye korido, mlango ulikuwa wazi kidogo. Ulikuwa umekaa kitako sawasawa kando ya kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekwenda kuposa. Ulikuwa ukizungumza taratibu, bila kupaza sauti, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa akishtuka.

"Ulikuwa unakaa pa kiti," ulikuwa unamwambia. "Boyi alikukatia papai. Ulikuwa unakula, na ulikuwa unaambia ule askari: polepole. Fimbo ikienda mbio, muntu anazimia, hasikie tena. Njo maana ulisema polepole. Na sisi tulikuita vile, kambi muzima. Bwana Polepole."

"Ni miye?" mzee aliuliza.

"Ni weye."

"Apana. Miye niko muntu muzuri."

"Ule muntu alikufa siku ya tatu. Mugongo yake ilioza. Bibi yake alikuwa anafukuza nzi na kitambaa. Ni weye ulifanya vile."

Nikamsikia akianza kulia, kwanza kidogo kama mtoto anayeota, kisha kwa nguvu, mdomo wazi, akisema "pardon, pardon," na jina la Mungu. Hukumkatiza. Ulingoja kama mtu anayengoja maji yachemke. Alipochoka ulitoa kitambaa, ukampangusa uso, hata puani, ukasimama na kufunga vifungo vya koti.

"À mercredi, Bwana," ulisema.

Papa, nikuambie ambalo sikukuambia siku ile. Niliposikia mzee yule akilia, nilifurahi. Mimi ninayemkata kucha, ninayejua anapenda mtindi wa aina gani, nilisimama kwenye korido na kitu fulani ndani yangu kikasema: zaidi. Ndiyo maana nilikukimbilia kwenye kituo cha tramu nikiwaka hivyo. Nilikuwa nimeona ulichonirithisha, na hukuwa umeniuliza kama nakitaka.

"Papa, hii ni nini unafanya?"

Hukushtuka. "Ninamukumbusha."

"Anasahau! Kesho hakumbuki hata kintu kimoya!"

"Njo vile. Yeye anasahau. Miye sisahau. Sasa kila semaine nitaanza upya."

"Na kazi yangu? Wakijua, watanifukuza. Uliingia mulango niliokufungulia miye!"

"Keti, Mama," ulisema. Uliniita hivyo tangu nizaliwe, kwa sababu ulinipa jina la mama yako. Tukakaa kwenye benchi la kituo. Tramu ilikuja, ikaondoka bila sisi, na nyingine, na wewe ukanisimulia, mara ya kwanza na ya mwisho.

Ulisema kambi ilikuwa na safu za vibanda vya udongo vilivyofanana, na hapakuwa na ua wala seng'enge kwa sababu pori lenyewe lilitosha. Asubuhi ngoma ililia, watu wakajipanga na kuitwa, kisha wakaenda kwenye pamba. Baba yako, Ilunga, alikuwa fundi seremala kule alikotolewa, na kosa lake lilikuwa kusali mahali pasiporuhusiwa. Waliletwa yeye na mama yako, na wewe ukazaliwa humo. Ulizaliwa mfungwa, ukiwa hujasali bado hata mara moja.

Ilikuwa masika. Watu wamejipanga kwenye uwanja, wewe una miaka saba, umesimama kando na watoto wenzako. Yule kijana wa kizungu, mgeni bado, alikuja kwa baiskeli, kaptula nyeupe, kofia ngumu. Gurudumu likateleza. Akaanguka matopeni kifudifudi, kofia ikabingirika mpaka miguuni mwa watu. Na katika ule ukimya mtu mmoja akacheka.

"Ilikuwa ni miye," uliniambia. "Ilinitoka tu. Alianguka kama chura, Mama. Nilicheka."

Aliinuka, akajipangusa macho, akauliza nani amecheka. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Ndipo babu Ilunga akatoka kwenye mstari, akavua shati mwenyewe, akasema, "Ni miye, Bwana."

Walimlaza pale pale kwenye matope. Watoto mliambiwa msigeuze nyuso. Alikuwa amelala kichwa upande wako, na muda wote ule, ulisema, alikuwa anakuangalia wewe na kukutikisia kichwa kidogo, hapana, hapana, usiseme. Nawe hukusema. Hukumwambia hata mama yako, mpaka akafa. Miaka yote hii ulikuwa ukifunika mdomo kwa kiganja ukicheka, na sisi watoto wako tulikuwa tunakuiga kwa mzaha. Kwenye benchi lile nilitamani kuukata mkono niliokuwa nikikuigiza nao.

"Papa, ulikuwa mutoto."

"Mutoto aliua baba yake."

"Hapana, ni ule aliua!"

"Njo ninamwambia vile kila mercredi," ulisema. "Ninamwambia mpaka na miye nisikie."

Nilikuomba uache. Nilikuomba kwa ajili yangu, kwa ajili ya moyo wako na dawa zako za presha, na nilidiriki hata kutaja dini. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ulisema hivi.

"Nikiacha, huyu atakufa muntu muzuri."

Nikakuacha uendelee. Sikumwambia mtu. Alhamisi nilikuwa nikiingia chumbani kwake, nikamkuta macho yamevimba na anaimba, nikamlisha. Sikujua namchukia yeye au wewe.

Halafu ukaanza kukohoa, na wewe hukutaka daktari. Mpaka Jumatano ya mwisho ulivaa tai. Nilikuambia nje kuna barafu. Ulisema Bwana anangoja. Ulirudi umeegemea kuta, ukalala na koti lako, na juma lile lile tukawa hospitalini. Tulikulilia matanga ya heshima, Papa. Watu walikuja mpaka kutoka Liège na Lille, ukumbi karibu na stesheni ya Gare du Nord ulijaa, tonton zangu, baba wadogo na wajomba, wakasimama mmoja mmoja kusema ulikuwa mtu wa amani. Mtu wa amani. Nilikaa pale na kitambaa kichwani nikisaga meno.

Niliporudi kazini, yule mzee aliniangalia kwa macho yake ya maji, akauliza, "Wapi rafiki yangu?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Rafiki gani?"

"Ule wa kravati. Anakuyaka. Tunasema bintu ya zamani. Muntu muzuri sana."

Hicho ndicho kilichobaki kichwani mwake! Vilio vyote vile, papai, matope, mgongo wa babu, vyote vilimpita kama maji ya kuoga, na kilichobaki ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekuja amevaa tai na kumpangusa uso. Ulitumia mwaka wako wa mwisho duniani kumwadhibu, naye alikuwa anakungoja kwa hamu. Nilitoka nikaenda chumba cha mashuka, nikapiga marundo ya taulo kwa ngumi mpaka Maman Odette akanishika mikono.

Jumamosi Madame Christine alikuja na maua mawili, moja la baba yake na moja langu. Alikuwa amesikia msiba. Alinishika mabega, akasema kwa Kifaransa kwamba katika maisha yake yote hajaona mtu kama wewe. Alisema anajua wakoloni hawakuwa malaika, baba yake hakupenda kuzungumzia miaka ile, lakini wewe ulikuja, ulikaa naye, ulimsamehe. Alisema umemfundisha maana ya msamaha, na kwamba ameshawasimulia wajukuu wake.

Papa, ningeweza kusema asante. Ningeenda kumalizia vitanda.

Nilifunga mlango wa korido, nikamwambia yote. Nilimwambia umekuwa ukifanya nini kila Jumatano. Nilimwambia kuhusu baiskeli, na kiti, na papai, na nzi. Nilimpa kila kitu ulichonipa kwenye benchi, isipokuwa kicheko chako. Hicho nilikificha, nikasema tu kwamba mtu mmoja alicheka na babu yangu akajitoa. Madame Christine alikuwa akikunja na kukunjua karatasi ya maua. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyepigwa, kisha wa mtu anayetaka kupiga.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza. "Mimi sikuwa hata nimezaliwa. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe utakumbuka," nikasema.

Aliondoka bila kuingia kwa baba yake. Nilingoja kufukuzwa kazi. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu kwenye kabati, na ukitaka ukweli, nilikuwa natamani wanifukuze ili nipate mtu wa kumfokea. Hakuna aliyeniita. Jumamosi mbili alikosekana. Ya tatu alikuja mikono mitupu, akaniomba tutoke nje, na tukasimama kwenye maegesho ya magari, upepo unatupiga, hakuna aliyefunga koti.

Alisema alikuwa amekuja asubuhi moja katikati ya juma, mimi sipo, na alimkuta baba yake akili imetulia, Kifaransa kimemrudia kama kinavyomrudia mara moja moja. Akamuuliza kuhusu baiskeli. Alitumaini atakana. Mzee akatabasamu. Alikumbuka vizuri sana, alisema Madame Christine, kama mtu anayekumbuka mchezo wa mpira.

Mzee alimwambia: aliyecheka alikuwa mtoto. Nilimwona. Kijitoto kile cha seremala, kilikuwa kimesimama mbele kabisa. Yule baba akaja kusema ni yeye, nikamwacha aseme. Ningefanyaje? Mimi sijawahi kumpiga mtoto maishani mwangu. Waulize wote. Mtoto, kamwe.

Madame Christine alilisema hilo huku amejikumbatia. Alisema baba yake alikuwa anajivunia. Kisha akaniuliza, "Mtoto yule, alikuwa ni yeye, siyo? Papa yako?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Alijaribu kunishika mkono, nikautoa. Simchukii, lakini sikuwa na mkono wa kumpa. Nilirudi ndani, nikapanda ngazi, nikaingia chumbani kwa mzee. Ilikuwa saa ya kumwosha. Nilijaza maji beseni, nikamvua shati. Mgongo wake ni mweupe, laini, hauna hata doa. Watu wamekuwa wakiutunza miaka yote, na mimi ni mmoja wao. Nilimwaga maji sakafuni. Nikasema kwa sauti, "Ulijua." Aliniangalia kwa upole. Kifaransa kilikuwa kimeshamtoka tena. Nikamwosha, nikamkausha, nikamvisha, nikaenda ofisini kuomba nihamishiwe ghorofa nyingine. Sitamgusa tena. Kama atakufa mtu mzuri, afe mikononi mwa mtu mwingine.

Sasa unaona kwa nini nimekasirika, Papa. Ulikaa naye mwaka mzima. Ulimwambia kila kitu isipokuwa kile kimoja ulichokuwa ukikiogopa, na yeye alikuwa na jibu lake. Ungemuuliza! Ungemwambia mara moja tu, "Aliyecheka ni miye," labda katika asubuhi moja ya zile nzuri angekujibu kwa kujisifu kama alivyomjibu binti yake, na ungetoka pale na kubeba mzigo mwepesi kidogo. Badala yake ulimpelekea aibu yake, ukabaki na yako, ukaizika chini ya tai.

Basi nisikie huko uliko. Babu Ilunga hakumdanganya. Yule kijana alikuona ukicheka, akamwona baba yako anavua shati, akajua nani ni nani, akaomba kiti. Hukumuua baba yako. Aliyemuua alikuwa mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyechagua, kisha akamaliza papai lake. Wewe ulikuwa mtoto aliyeona mtu kaanguka kama chura.

Pumzika, Papa. Hasira iache kwangu, ningali na nguvu. Na kama huko kuna kitu cha kuchekesha, cheka ukiwa umeushusha mkono.

Binti yako,
uliyemwita Mama